Franjipani Aliyoazimwa Akko

Wiki jana nilisimama kwenye kituo cha mafuta hapa mjini Isiolo, nikimngoja mume wangu atie upepo kwenye gurudumu la pikipiki. Harufu za pale mnazijua: dizeli, mpira uliochomwa na jua, na mbuzi waliopita muda si mrefu. Halafu upepo ukageuka, ikaja harufu nyingine, tamu, isiyo na haraka. Nikaitafuta. Nyuma ya choo, kando ya ua wa mabati, palikuwa na mti wa franjipani uliojaa maua meupe yenye kiini cha manjano, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa na habari nao. Machozi yakanitoka, nawaambia kweli, na mume wangu akadhani ni vumbi. Sikumsahihisha, maana hadithi yenyewe haielezeki mtu akiwa amekalia pikipiki. Nyinyi mmekaa, nitawaeleza.

Nilikulia mtaa wa Kiwanjani, katika nyumba ya vyumba viwili yenye paa la mabati lililokuwa likitoa sauti ya kupasuka kila jua lilipopanda. Baba alikuwa akinunua mbuzi sokoni na kuwapeleka Nairobi kwa lori. Mama alikuwa Saudia, akifanya kazi ya nyumba, na sauti yake ilikuja siku za Ijumaa kupitia simu ya Baba, ikikatikakatika. Mimi nilikuwa mtoto pekee. Baba akisafiri, nililazwa kwa majirani: leo kwa mwalimu wa madrasa, kesho kwa rafiki yake Baba mwenye watoto saba, keshokutwa kwa Mama Ekai wa nyumba ya pili. Wote walikuwa watu wema na wote walinilisha. Lakini nilipofika darasa la pili nilikuwa nikizijua harufu za blanketi za watu wengi, na nilikuwa nimejifunza kulala bila kujigeuza ili nisimsumbue mwenye kitanda.

Kisha akaja Akko. Akko ndivyo sisi Waborana tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama mzazi wa Baba. Alishuka kutoka kwenye lori asubuhi moja katikati ya kiangazi kile kilichomaliza mifugo upande wa Merti, mgongo wima, ameshika fimbo yake ya kuchungia kana kwamba bado kuna kitu mbele yake cha kuswaga. Alikuja na furushi moja tu, na ndani yake mlikuwa na blanketi, leso mbili, na gorfa, chombo chake cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi. Ng'ombe wake wote walikuwa wamekufa. Mimi sikuambiwa hivyo. Niliambiwa tu nisimwulize habari za ng'ombe, na mtoto akishaambiwa asiulize, ameshajua yote.

Lile furushi hakulifungua. Alilitundika kwenye msumari kando ya mlango, akawa anachomoa kitu anachokihitaji na kukirudisha humo humo. Kila asubuhi, baada ya swala, alitoka nje, akaangalia mbingu upande wa kaskazini, akasema, "Mvua ikinyesha narudi nyumbani." Jioni aliwasha kijiti, akakiweka ndani ya gorfa na kuifukiza kwa moshi, kama wanavyofanya wanawake wetu kabla ya kukamua. Siku moja nilimwuliza mbona anafukiza chombo kitupu kila siku. Alinijibu kwamba ng'ombe hawapigi simu kabla ya kuzaa.

Nilimpenda mara moja, bila aibu. Tulilala kitanda kimoja, na blanketi lake lilinuka moshi na samli, nikawa najigeuza nitakavyo. Basi mwelewe hali yangu. Mji mzima ulikuwa ukiomba mvua, msikitini na kanisani, na mimi peke yangu nilikuwa nikiogopa mawingu. Wingu dogo likijitokeza upande wa Merti, nililikodolea macho hadi lipite. Mvua ilimaanisha Akko ataondoka, na Akko akiondoka mimi narudi kwenye blanketi za watu.

Lakini kulikuwa na hofu nyingine, na hiyo ilikuwa ya Baba. Akko alikuwa akififia. Alikula vijiko viwili vya wali, akasukuma sahani. Alikaa kwenye kigoda akitazama lango kutwa nzima, na ukimsemesha alichukua muda kurudi kutoka alikokuwa. Baba alimletea maziwa ya ngamia, alimletea tende, akamletea hata redio. Akko aliisikiliza ile redio kwa adabu, kisha akaomba izimwe kwa sababu, alisema, huyo mtu anaongea bila kuuliza kama sisi ni wazima.

Sasa huyu Mama Ekai. Alikuwa Mturkana, Mkristo, mpana wa mwili na wa kicheko, na uani kwake kulikuwa na mti wa franjipani mrefu kuliko nyumba. Yeye na Akko walisalimiana kila siku kupitia ua wa miti, kila mmoja kwa njia yake. Mama Ekai alisema, "Habari ya asubuhi, Akko," na Akko akasema, "Salaam aleikum," na hakuna aliyeitikia salamu ya mwenzake, na wote wawili waliridhika kabisa.

Siku moja tawi la ule mti lilikuwa likikwaruza paa la Mama Ekai, akalikata kwa panga. Mimi na Akko tulikuwa tumekaa nje. Tawi likaanguka upande wetu wa ua, na pale lilipokatwa pakaanza kutoka utomvu mweupe, mzito, tone baada ya tone, ukiingia kwenye vumbi. Akko alisimama. Nasema alisimama, kwa sababu kwa majuma mengi alikuwa akiinuliwa.

"Mama Ekai! Hii miti yako iko na maziwa!"

"Iko nayo, Akko. Lakini hapana kunywa, ni sumu hiyo. Inachoma macho."

"Mimi sijasema nakunywa. Nimesema iko na maziwa."

Akanituma jikoni nilete jivu. Akalipaka kwenye kidonda cha tawi kwa kidole gumba, taratibu, vile wachungaji wanavyompaka mnyama aliyejeruhiwa, mpaka utomvu ukaacha kutiririka. Mama Ekai alikuwa amekuja hadi kwenye ua na alikuwa akitazama. "Chukua tu, Akko," alisema. "Nilikuwa natupa."

Hapo Akko akakasirika kidogo. Kwetu, mtu aliyepoteza mifugo hatupiwi kitu. Huazimwa ng'ombe. Anamchunga, anakunywa maziwa yake, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama wote ni wa mwenyewe. Hivyo anaendelea kuwa mtu mwenye kazi na heshima yake, wala si ombaomba. Akko alitaka lile tawi kwa njia hiyo, na si kwa nyingine yoyote. Mama Ekai alikuwa binti wa wachungaji pia, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Basi nimekuazima," alisema. "Ikizaa, watoto ni yangu."

"Watoto ni yako. Maua ni yangu."

Wakapeana mikono juu ya ua. Mama Ekai akamwonya asilipande kabla kidonda hakijakauka, kwa hiyo tawi lililala kwenye pembe ya chumba chetu, na mimi nikawa naliruka kila nilipopita. Lilipokuwa tayari, tulilipanda kwenye mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, kwa mchanga wa laga, ule mto wetu unaokuwa na maji siku chache kisha unageuka kuwa njia ya mbuzi. Akko alilitemea mate kidogo kulibariki. Usiku ule alikula sahani nzima, na Baba akatoka nje akakaa huko kitambo.

Majani yalipochipua, ndipo makosa yalipoanza. Akko alimtunza yule ndama wake (tulimwita ndama, hata Baba) kwa ujuzi wote aliokuwa nao, na ujuzi wake wote ulikuwa wa ng'ombe. Jua lilipochomoza, mkebe ulikuwa kwenye kivuli cha nyumba. Jua lilipofika utosini, mkebe ulikuwa chini ya tangi la maji. Alasiri tulivuka uwanja, mimi nikivuta na Akko akisukuma, hadi nyuma ya choo. Wenye nyumba za jirani walizoea kuona bibi mmoja na mtoto mmoja wakihama na mkebe kutwa mara tatu, na vijana wa mtaani walikuwa wakituuliza malisho yakoje huko.

Mama Ekai alijaribu. "Akko, hii miti inataka jua. Ukiificha itakuwa refu tu, haitatoa maua."

Akko aliuvuta mkebe ndani zaidi ya kivuli. "Jua ndio ilimaliza ng'ombe yangu yote," alisema. "Sasa na hii moja nipatie jua?"

Mama Ekai hakulirudia neno hilo. Alivua kitambaa cha kichwa, akajifuta uso, akaenda zake.

Na kweli mti ukawa mrefu, mwembamba, umeinamia upande wenye mwanga. Kisha kiangazi kilirefuka, mvua iliyotarajiwa ikapita bila kuja, na majani yakaanza kuanguka moja moja, hadi ikabaki fimbo ya kijivu kwenye mkebe. Mti wa franjipani hufanya hivyo wakati wa ukavu, unalala tu. Mama Ekai alisema hivyo, lakini Akko alikuwa amekwisha kuona vitu vingi vikilala. Ng'ombe aliyedhoofika akilala chini wakati wa ukame, wachungaji humwinua kwa nguvu, mmoja mkiani na wengine mbavuni, na kumshikilia asimame, kwa sababu asiposimama hatasimama tena. Basi Akko aliuinua ule mti. Aliufunga kwa vipande vya leso yake kwenye vijiti vitatu, na kila alfajiri aliamka kuangalia kama bado umesimama. Halafu alikwaruza gome kwa ukucha. Tone jeupe likitokea, aliniita, "Talaso! Bado iko na maziwa," na siku yetu ikaanza vizuri. Siku ambazo tone lilichelewa, hakuna aliyekunywa chai hadi litokee.

Ndivyo tulivyoishi, yeye akimshikilia ndama, nami nikimshikilia yeye, na furushi likiwa palepale kwenye msumari.

Mvua ilikuja usiku, kama kawaida ya mambo unayoyaogopa. Ilipiga mabati kwa kishindo, mji mzima ukaamka, watu wakapiga vigelegele gizani. Nilimsikia Baba akicheka peke yake chumbani kwake. Mimi nilishika ukingo wa leso ya Akko na kuuzungusha mkononi mwangu mara kadhaa, nikiwaza kwamba akiinuka nitajua. Sikulala. Halafu nililala, kama watoto wanavyolala, na nilipoamka kitanda kilikuwa kitupu.

Nilikimbia nje bila viatu. Msumari ulikuwa mtupu, hilo niliona nikipita. Lakini Akko alikuwa uani, katikati kabisa ya uwanja, amepiga magoti kwenye matope. Alikuwa na jembe la Mama Ekai. Mkebe ulikuwa kando yake umepasuliwa kwa panga, na mti wetu ulikuwa umesimama ndani ya shimo, mahali ambapo hakuna kivuli cha nyumba, cha tangi wala cha choo. Alikuwa akishindilia udongo kwa viganja vyote viwili. Kwa haraka, sasa ndiyo nakumbuka vizuri. Alikuwa na haraka sana. Niliuliza kama jua halitaupiga pale. "Lipige," alisema, na hakuniangalia.

Jua halijapanda sana, kaka yake Akko akafika. Babu Guyo alikuwa mzee mrefu mwenye kilemba na sauti ya kuongea na watu walio mbali. Alikuja kwa lori lililokuwa likirudi Merti siku ileile. Baba alimkaribisha, chai ikaletwa, na habari zikaulizwa kwa utaratibu: watu, nyasi, maji, njia. Kisha akatoa neno lililomleta. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa. Kila aliyebakiwa na kitu alikuwa ametoa. Dada yao Darmi, yaani Akko, alikuwa amechangiwa mitamba minne na ng'ombe mmoja wa maziwa, na nyumba ingejengwa karibu na ya kaka yake. Lori lingeondoka baada ya swala ya adhuhuri.

Walikuwa wakiongea Kiborana, na mimi nilikuwa nimejibanza mlangoni. Niliona kitu kwenye uso wa Akko aliposikia habari ya yule ng'ombe wa maziwa. Aliuliza rangi yake. Babu Guyo akamwambia ni mwekundu, mwenye doa jeupe pajani, mpole, anakubali mkono wa mgeni. Akko alifumba macho. Baba akaangalia kikombe chake.

Kisha Akko akafumbua macho na kusema, "Haiwezekani. Mimi hapa nina mali ya watu."

"Mali gani?" aliuliza Babu Guyo.

Akamwonyesha kwa kidevu. Babu Guyo aligeuka, akautazama mti wetu: fimbo ya kijivu isiyo na jani, iliyofungwa vitambaa, katikati ya matope.

"Hiyo?"

"Nimeazimwa na jirani. Tulipeana mikono. Mali ya kuazimwa haiachwi, Guyo, wewe unajua."

"Basi hama nayo! Mtu aliyeazimwa ng'ombe huhama naye."

"Imeingia ardhini," alisema Akko. "Iliyoingia ardhini haihami."

Babu Guyo alibishana hadi chai ya pili. Alimwita mkaidi, akamwita mtoto, akamwuliza tangu lini Borana wanachunga miti. Akko alijibu kila kitu kwa upole na hakusogea hata unyayo. Mwishowe mzee alicheka, akashindwa, akamwomba Baba maji ya kutawadha. Lori liliondoka saa nane, na yeye akiwa peke yake kwenye kiti cha mbele. Akko alilisindikiza kwa macho mpaka likakata kona. Kisha akaingia ndani, na nilipomfuata nilikuta amelitoa furushi chini ya kitanda, amelifungua na anapanga vitu vyake kwenye sanduku langu la nguo, juu ya sare yangu ya shule.

Nilifurahi mpaka nikawa mgonjwa. Nilitapika kabisa, nyuma ya choo. Na kuanzia siku ile niliuheshimu ule mti kuliko kiumbe chochote, kwa sababu niliamini ndio uliomzuia. Niliuchimbia mfereji mdogo wa maji. Niliwafukuza mbuzi kwa mawe. Watoto wenzangu walipocheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, karibu nao, niliwahamisha kwa vita. Kwenye jua lile uliacha kuinama, ukanenepa, na kiangazi kilichofuata ukatoa maua yake ya kwanza ukiwa hauna jani hata moja. Akko alinusa ua la kwanza kwa muda mrefu, akapiga chafya, akasema linanukia kama nyumba yenye harusi. Na tawi la kwanza lilipokatwa, alilipeleka kwa Mama Ekai kwa mikono miwili, ikawa kwa miaka yote iliyofuata hivyo hivyo: maua kwetu, matawi kwake. Mama aliporudi kutoka Saudia alikuta binti mrefu, na mkwewe akipiga soga na Mturkana chini ya mti wenye maua.

Akko alifariki nikiwa kidato cha nne. Niliendelea kuamini hivyo, kwamba mti ulimzuia, hata baada ya kumzika.

Nilipoolewa, nilivunja tawi kutoka uani kwetu nilipeleke nyumbani kwangu Chechelesi. Kwa shughuli za harusi nikalisahau. Nilikuja kulipata nyuma ya magunia, siku nyingi baadaye, limekunjamana, jepesi, sina hata kumbukumbu lilikaa hapo tangu lini. Nililipanda kwa sababu ya huruma tu. Likachipua. Nilimweleza Mama Ekai, naye sasa ni mzee sana, akanishangaa. Akasema mbona alipeleka matawi hadi Lodwar, kwenye buti la basi, yakiwa yamefungwa kwa gazeti, na Akko ndiye aliyekuwa akimfungia? Mti huu, alisema, kata tu uende nao popote, hata mwisho wa dunia, wala haulalamiki.

Nilikaa chini palepale kwake. Akko alikuwa ameona tawi lile la kwanza likilala pembeni mwa chumba bila udongo wala maji. Siku aliyomwambia kaka yake kwamba mti hauhami, alikuwa akijua kwa hakika kwamba unahama, na alikuwa ameupanda ardhini kwa haraka asubuhi ile ili uwe umeingia kabla kaka yake hajafika. Angeweza kukata tawi, kulipaka jivu, kulichukua mapajani hadi Merti, na kumkuta yule ng'ombe mwekundu anamngoja.

Nilimwuliza Baba. Alisema tu, "Mama alipenda ng'ombe kuliko chakula," kisha akasema amechelewa swala, na swala ilikuwa bado.

Sasa nina binti wangu, na nimeelewa na sehemu iliyobaki. Kama Akko angemwambia kaka yake kwamba anabaki kwa ajili ya mtoto, wazee wangekuwa na jibu: mtoto ana baba yake, au mtoto naye aje. Na mimi nilikuwa nimejibanza mlangoni, nikisikia kila neno. Ningekua nikijua kwamba kuna mwanamke aliyeacha mitamba minne na ng'ombe wa maziwa, na maisha yote aliyoyajua, kwa sababu yangu. Kila alipokaa kimya ningejiona nina deni. Akko hakutaka nibebe mzigo wa namna hiyo nikiwa na miaka minane. Akaubebesha mti.